Porsche 911 SC ya 1982: silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inatetemeka injini ikiwa baridi, ikipata moto inatulia

Bawa la Nyuma aliandika:

Wakuu, salaam. Ninaomba msaada wa mawazo kuhusu Porsche 911 SC ya mwaka 1982, injini ya lita 3.0 yenye silinda sita, inayotumia mfumo wa kunyunyizia petroli wa K-Jetronic wa Bosch. Gari halina sensa ya oksijeni wala kompyuta ya injini, na mfumo mzima wa petroli uko kama ulivyotoka kiwandani.

Tatizo lenyewe ni hili. Injini ikiwa imelala usiku kucha, inawaka mara moja bila kusumbua na kupanda hadi mizunguko 1,200 hivi kwa dakika. Baada ya sekunde chache mshale unashuka hadi kati ya 500 na 600, gari zima linaanza kutetemeka, na mlio wa ekzosti unakuwa wa kukatakata, dalili kwamba baadhi ya silinda hazichomi sawasawa. Nikikanyaga mafuta polepole inapokea kwa kusitasita. Nikikanyaga ghafla inakohoa kupitia upande wa kuingizia hewa, na mara nyingine inazima. Nikivumilia kwa dakika chache hali inatulia yenyewe, na injini ikishapata moto silensa inakaa imara kwenye 900, wala barabarani sihisi upungufu wowote wa nguvu.

Plagi, nyaya zake, kofia ya distribyuta na rota ni vipya. Taimingi imepimwa kwa taa na iko sawa. Hakuna moshi mweusi wakati wa kuwasha, na plagi nilizozifungua baada ya kuzima injini ikiwa bado baridi zilikuwa kavu. Fundi mmoja ameshauri tuongeze petroli kwa skrubu ya mchanganyiko. Mwingine anataka tubadilishe nozeli zote sita. Kabla sijakubali lolote kati ya hayo, ningependa kujua nianzie wapi, na kwa sababu gani.

Spana Kumi alijibu:

Ndugu yangu, fundi wa kwanza hajakosea sana. Dalili ulizozieleza ni za injini inayokosa petroli. Chukua ufunguo wa alen wa milimita 3, uingize kwenye tundu lililo kati ya kigawa petroli na mpira mkubwa wa hewa, kisha uzungushe kidogo sana kuelekea kulia. Ukiona silensa inapanda na kutulia, umemaliza kazi. Magari haya yamezeeka, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyohitaji petroli zaidi kidogo.

Mzee wa Geji alijibu:

Ndugu Bawa la Nyuma, ninakuomba usiiguse skrubu hiyo kwa sasa. Ninakubaliana na Spana Kumi kwamba injini yako inakosa petroli, lakini sikubaliani naye hata kidogo kuhusu dawa. Umesema mwenyewe kwamba injini ikiwa ya moto haina kasoro. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa msingi, ule unaopangwa na skrubu, uko sawa au karibu na sawa. Ukiuongeza ili kuponya dakika chache za asubuhi, utakuwa na petroli iliyozidi kwa saa zote zinazobaki: plagi zitajaa masizi, petroli itaosha mafuta kwenye kuta za silinda, na baada ya muda utarudi hapa ukiuliza kwa nini silensa ni mbaya injini ikiwa ya moto. Kibaya zaidi, utakuwa umepoteza alama pekee iliyokuwa ya kuaminika katika gari lote.

Swali la kujiuliza ni moja: ni vitu gani katika mfumo huu vinavyofanya kazi injini ikiwa baridi tu, kisha vinajiondoa ikipata moto? Kwenye K-Jetronic viko vitatu.

Cha kwanza ni nozeli ya kuwashia baridi, ambayo hunyunyiza petroli ya nyongeza ndani ya boksi la hewa wakati starta inazungusha injini, huku swichi ya joto na muda ikiizuia isiendelee kwa zaidi ya sekunde chache. Kwa kuwa gari lako linawaka mara moja, sina shaka nayo. Tena ule mpando wa hadi 1,200 kisha kuporomoka ndio unaonishawishi zaidi: injini inaishi kwa petroli ya nozeli hiyo, na petroli hiyo ikiisha hakuna kingine kinachochukua nafasi yake.

Cha pili ni valvu ya hewa ya ziada, ambayo hupitisha hewa pembeni ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta) wakati wa baridi ili mizunguko isishuke, kisha hujifunga polepole kwa joto la umeme. Kuipima ni rahisi. Injini ikiwa baridi na inaunguruma, banza mpira wake kwa koleo lenye midomo laini. Mizunguko ikishuka, hewa ilikuwa inapita kama inavyotakiwa. Isiposhuka, valvu imekwama ikiwa imefungwa. Rudia injini ikiwa ya moto, na safari hii kubanza kusilete badiliko la maana.

Cha tatu, ambacho ndicho ninachokishuku, ni regyuleta ya presha ya udhibiti. Naomba nieleze kidogo, kwa sababu asiyeielewa atabadilisha nozeli mpaka mfuko uishe. Katika mfumo huu nozeli hazifunguki na kufunga kwa amri ya umeme. Zinanyunyiza mfululizo injini ikiwa inaunguruma. Hewa inayoingia inainua sahani ya kupimia hewa, sahani inasukuma wenzo, na wenzo unapandisha pistoni ndogo ndani ya kigawa petroli ili njia za petroli zifunguke zaidi. Juu ya pistoni hiyo kuna petroli yenye presha inayoisukuma irudi chini, na hiyo ndiyo presha ya udhibiti. Ikiwa ndogo, pistoni inapanda kwa urahisi na injini inapata petroli nyingi kwa hewa ileile. Ikiwa kubwa, pistoni inazuiwa na petroli inapungua. Kazi ya regyuleta ni kuiweka presha hiyo chini wakati wa baridi, kisha kuiacha ipande kadiri ukanda wa metali mbili ulio ndani yake unavyopata joto kutoka kwa waya wa umeme na kutoka kwa injini yenyewe. Ikipanda mapema, au ikiwa juu tangu mwanzo, utapata hasa dalili ulizozieleza, pamoja na hicho kikohozi cha kupitia upande wa hewa.

Kikohozi hicho usikidharau. Boksi la hewa la gari hili ni la plastiki, na mlipuko mmoja unaorudi nyuma unatosha kulipasua. Mpaka upate jibu, usikanyage mafuta ghafla injini ikiwa baridi.

Kwa hiyo tafuta geji ya presha ya K-Jetronic yenye koki, na kabla hata ya geji, fanya vipimo viwili visivyo na gharama. Injini ikiwa baridi na inatetemeka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kwenye 911 tangi la oili linapumulia upande wa kuingizia hewa, hivyo kufungua kifuniko ni kuiruhusu injini ivute hewa ambayo sahani haikuipima. Injini yenye afya itashuka mizunguko papo hapo, pengine hata kuzima. Kisha funga kifuniko, ondoa chujio la hewa, na kwa kidole kimoja isogeze sahani kidogo mno kuelekea upande wa kuongeza petroli. Silensa ikitulia ukifanya hivyo, injini ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuwa mbaya, ilikuwa imeshiba kupita kiasi.

Lita Tatu na Mbili alijibu:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina 911 Carrera ya lita 3.2, na dalili zangu zilikuwa karibu sawa na hizi: inawaka, inashuka, inatetemeka, inatulia ikipata moto. Kosa lilikuwa kwenye sensa ya joto ya kichwa cha silinda. Ilikuwa inaiambia kompyuta kwamba injini ni ya moto wakati ni baridi, na kompyuta ikapunguza petroli. Ipime kwa multimita kabla ya kununua geji ya presha.

Mzee wa Geji alijibu:

Ushauri huo ni mzuri kwa gari lako, ndugu Lita Tatu na Mbili, ila haumhusu mwenzetu. Carrera ya 3.2, iliyoanza na modeli ya 1984, inatumia Motronic, ambamo kompyuta ndiyo inayopanga muda wa kufunguka kwa nozeli, na sensa ya joto ndiyo macho yake. SC haina macho hayo. Kazi ambayo kwako inafanywa na sensa na kompyuta, kwake inafanywa na kile kipande cha metali ndani ya regyuleta.

Kwa faida ya wasomaji wenye magari ya Motronic au L-Jetronic (mfumo mwingine wa Bosch unaoongozwa na kompyuta) yanayopozwa kwa maji, kama vile Porsche 944, sensa ya joto ya Bosch ya kawaida inatakiwa kusoma karibu kiloomu 2.5 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na kushuka hadi omu 300 na ushei injini ikifika nyuzi 80. Inayosoma omu mia chache injini ikiwa baridi ni mbovu, au waya wake umegusa bodi. Inayosoma ukinzani mkubwa mno injini ikiwa ya moto itakupa kinyume chake, yaani petroli ya kupindukia na moshi mweusi. Turudi sasa kwenye SC.

Bawa la Nyuma aliandika:

Ninawashukuru nyote. Nimefanya vipimo visivyohitaji geji, injini ikiwa imelala usiku.

Nilipobanza mpira wa valvu ya hewa ya ziada, mizunguko ilishuka mara moja na injini ikazima. Ilipopata moto nikabanza tena na hakukuwa na badiliko. Nilipoisogeza sahani kwa kidole, injini ilitulia kwa namna iliyonishangaza, mtetemo ukaisha na mshale ukapanda kupita 900. Nilipoiachia tu, tatizo likarudi. Kilichonitatiza ni kifuniko cha oili. Nilipokifungua injini ikiwa ya moto, mizunguko ilipungua, lakini kwa kiasi kidogo tu, na injini haikuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuzima. Hilo nalielewaje?

Boksa Sita alijibu:

Hilo linaeleweka hivi: injini yako tayari inavuta hewa ya wizi, yaani isiyopita kwenye sahani, mahali fulani, na wewe umeiongezea nyingine juu yake, ndiyo maana tofauti ni ndogo. Kwenye gari lisilovuja, kufungua kifuniko hicho hakupiti kimyakimya.

Mimi ningeanza na mahali nozeli zinapoingia. Kila nozeli imechomekwa kwenye bushi ya plastiki, bushi ina oringi (pete ya mpira ya kuzibia) yake, na nozeli ina yake. Baada ya miaka arobaini na zaidi ya joto la injini inayopozwa kwa hewa, oringi hizo hazina tena ulaini wa mpira. Unaweza kuzivunja kwa kucha. Shika nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa imezimwa, na uizungushe kwa vidole. Inayozunguka kwa ulegevu bila upinzani wowote imekwisha kujitangaza. Baada ya hapo angalia mipira inayounganisha mabomba ya hewa na boksi, gasketi za chini ya mabomba hayo, na kama kuna aliyewahi kufunga valvu ya kutolea mlipuko kwenye boksi la hewa, angalia inavyokaa kwenye kiti chake, maana hizo huvuja mara nyingi kuliko wenyewe wanavyodhani.

Njia bora ya kuthibitisha ni mashine ya moshi. Ziba mdomo wa kuingizia hewa, ingiza moshi kwa presha ndogo sana, kisha tazama kwa tochi unatokea wapi. Kuna wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta huku injini inaunguruma na kusikiliza mizunguko ikipanda. Inafanya kazi, lakini kwenye 911 vibadilisha joto vya ekzosti viko chini pale pale, na ile dawa inashika moto haraka. Mimi siifanyi wala simshauri mtu.

Utauliza kwa nini uvujaji usumbue wakati wa baridi tu. Petroli haigeuki kuwa mvuke vizuri kwenye chuma baridi. Sehemu yake kubwa inabaki imelowesha kuta za mabomba, na kinachofika kwenye silinda kikiwa tayari kuchomeka ni kidogo. Kwa hiyo injini baridi haina akiba ya kuvumilia hewa ya ziada, ilhali ya moto inayo. Isitoshe, mpira uliokakamaa unaziba vizuri zaidi vyuma vikishatanuka.

Jambo jingine dogo: kama gari linakaa muda mrefu bila kutembea, petroli iliyomo kwenye tangi hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, zile zile zinazohitajika kuwasha injini baridi. Weka mpya kabla ya kupima chochote.

Spana Kumi alijibu:

Nakubali kwamba skrubu isubiri. Lakini mbona hamtaji uwazi wa valvu za injini? Kwenye injini hii unatakiwa uwe milimita 0.10 ikiwa baridi kabisa, na nimeona nyingi zikitetemeka kwa sababu valvu za ekzosti zimebana.

Boksa Sita alijibu:

Ni kweli, na aupime wakati wowote atakapofungua vifuniko kwa kazi nyingine. Ila valvu iliyobana ingemsumbua hata injini ikiwa ya moto, na isingeponywa kwa kusogeza sahani kwa kidole. Siiweki mbele.

Bawa la Nyuma aliandika:

Taarifa ya sasa ni hii. Petroli ni mpya. Nozeli mbili za upande wa kushoto zilikuwa zinazunguka bila upinzani wowote, na moshi ulithibitisha kwamba hapo ndipo ulipokuwa unatokea, pamoja na uzi mwembamba wa moshi kwenye mpira mmoja wa bomba la hewa. Nimebadilisha bushi na oringi zote sita pamoja na mipira yote ya mabomba. Sasa nikifungua kifuniko cha oili injini inayumba na kuzima.

Silensa ya baridi imekuwa nafuu lakini haijapona. Haizimi tena, ila bado inashuka hadi karibu 700 na kutetemeka. Kwa hiyo nimeazima geji. Nimeifunga kwenye mstari kati ya kigawa petroli na regyuleta, koki ikiwa upande wa regyuleta, nikachomoa plagi ya umeme ya regyuleta, kisha nikaendesha pampu moja kwa moja kupitia soketi ya rilei bila kuwasha injini. Joto la hewa na la injini lilikuwa nyuzi 18. Koki ikiwa imefungwa, presha ya mfumo, ile inayotoka kwa pampu, ni bar 4.8. Koki ikiwa wazi, presha ya udhibiti ni bar 2.7. Nilipoirudisha plagi ya umeme, ikapanda taratibu na kusimama kwenye 3.6.

Mzee wa Geji alijibu:

Umeifunga geji sawasawa, na namba zako zinasema yote.

Presha ya mfumo iko ndani ya mipaka, ambayo kwa gari hili ni kati ya bar 4.5 na 5.2. Hiyo inaziondoa pampu, chujio na njia ya kurudishia petroli kwenye orodha, kwa sababu kurudi kungekuwa kumeziba, presha hiyo nayo ingekuwa juu. Presha ya udhibiti ya moto, 3.6, nayo ni nzuri, na namna ilivyopanda inaonyesha kwamba waya wa joto ndani ya regyuleta unafanya kazi. Kasoro iko kwenye ile 2.7 peke yake. Kwa nyuzi 18 ningetarajia kitu kati ya bar 1.5 na 2. Thibitisha kwa namba iliyogongwa kwenye mwili wa regyuleta yako, kwa sababu kila toleo lina mchoro wake wa presha dhidi ya joto, na SC zilifungwa matoleo kadhaa kulingana na mwaka na soko. Hakuna mchoro ninaoujua utakaokupa 2.7 kwenye joto hilo.

Hivyo ulikuwa na matatizo mawili yanayosukuma upande mmoja: hewa ya wizi na presha ya baridi iliyo juu mno. Umeondoa moja, ndiyo maana umepata nafuu nusu.

Chujio dogo lililo kwenye mlango wa petroli wa regyuleta unaweza kulikagua mwenyewe, ingawa lingekuwa limeziba sana ningetarajia hata presha ya moto iwe imepanda. Ninachoshuku zaidi ni kutu au uchakavu kwenye ukanda wa metali mbili na pini unayoisukuma, jambo ambalo ni la kawaida pale unyevu au petroli yenye maji ilipokaa ndani kwa miaka. Utasikia watu wakisema ugonge kwa nyundo kile kizibo kinachoshikilia ukanda mpaka presha ikae sawa. Wapo wanaofanya hivyo kwa mafanikio, geji ikiwa imefungwa na mkono ukiwa mwepesi. Shida ni kwamba kizibo kikishapita mahali pake hakirudi kwa urahisi, na ukanda ulioshika kutu utabadilika tena baada ya muda. Ipeleke kwa mtu mwenye meza ya kupimia regyuleta hizi, aifungue, aisafishe, kisha aipange kwa mchoro wake wa baridi na wa moto.

Bawa la Nyuma aliandika:

Nimeelewa. Je, regyuleta ikisharudi, ndipo niiguse skrubu ya mchanganyiko?

Mzee wa Geji alijibu:

Ndiyo, na kwa sababu tofauti na ile uliyoambiwa mwanzo. Inawezekana kuna aliyewahi kuongeza petroli ili kufunika ile hewa ya wizi, na sasa uvujaji umekwisha, hivyo injini ya moto inaweza kuwa imezidishiwa. Fuata mpangilio huu: pima kwanza presha ya baridi na ya moto kwa geji, kisha taimingi, kisha weka silensa kwenye 900 kwa skrubu ya hewa iliyo kwenye throto, oili ikiwa imepata moto kamili. Baada ya hapo pima kiwango cha monoksidi ya kaboni kwenye ekzosti na ukilinganishe na kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari lako. Ukihitaji kurekebisha, zungusha kwa upana wa unywele, toa ufunguo wa alen, piga resi kidogo, acha itulie, ndipo usome tena. Usipige resi hata mara moja ufunguo ukiwa ndani, kwa sababu umekaa juu ya wenzo wa sahani na unaweza kuupinda.

Unapoichomoa geji, funika kila kiungo kwa kitambaa kabla ya kukilegeza, maana mabomba yanabaki na presha hata pampu ikiwa imezimwa, na badilisha washa za shaba kwenye viungo ulivyofungua.